Jino la Nyamiaga

Kama Babu Ahmadi alikuwa mganga wa meno, basi kuku naye ni rubani. Lakini nenda ukamwambie hivyo Mzee Hatibu, pale nyumbani kwake Biharamulo mjini, uone kama utamaliza chai yako. Kwa Mzee Hatibu, babu wa baba yake alikuja kutoka pwani karne ya kumi na tisa ikielekea ukingoni, akiwa askari wa Wajerumani, mpiga tarumbeta wa boma na mng'oa meno wa watu wote kuanzia hapo hadi Ngara. Watu watatu ndani ya kanzu moja! Na hakuna posa iliyojibiwa katika nyumba ile kabla wageni hawajaisikiliza historia hiyo yote, tangu babu anaagana na mama yake hadi anazikwa.

Shamimu, bintiye wa mwisho, aliichukia historia ile kama mtoto anavyochukia dawa ya minyoo. Ilikwisha kumfukuzia wachumba wawili. Baba wa yule wa kwanza alisinzia katikati akakoroma, na posa ikafia hapo. Mjomba wa yule wa pili aliuliza kwa upole kama askari huyo si ndiye aliyewachapa viboko babu zao. Lahaula! Walitolewa nje na sambusa mdomoni.

Sasa alikuwa anakuja Taufiki wa Nyamiaga, huko Ngara karibu na mpaka wa Burundi, mkulima wa kahawa, kijana wa kucheka kwa meno yote thelathini na mawili. Shamimu alimpenda hadi akajionea aibu.

"Shangazi, na hii ikivunjika, mimi sitapona," alimwambia Mwanamvua, dada wa baba yake, wakiwa jikoni. Shamimu alikuwa anasugua tarumbeta la babu kwa majivu na ndimu. Ndiyo kazi aliyopewa: baba akifika kwenye sifa za tarumbeta, yeye aingie nalo sebuleni juu ya sinia, utadhani pilau.

"Wewe omba tu shavu limuume baba yako, afupishe," shangazi akajibu.

Shavu lenyewe lilikuwa limevimba kana kwamba mzee amebania andazi. Jino la nyuma lilikuwa limeoza, nyumba nzima ilijua, na aliyeketi karibu naye alijua zaidi. Hospitali hataki hata kuisikia. "Kitukuu cha Ahmadi nikapange foleni ya meno? Watu watasemaje?" Basi akawa anatia karafuu na kusingizia upepo.

Wageni walifika kwa Noah ya kukodi, na mikungu ya ndizi na gunia la maharage. Aliyewatangulia ni Bibi Adventina, bibi yake Taufiki, rozari shingoni. Mwanawe alisilimu ujanani, lakini yeye alisema Mungu amekwisha kumzoea kwa jina lile lile, asimsumbue. Shikamoo zikatolewa, marahaba zikaitikiwa, mshenga akasema lake, Mzee Hatibu akakohoa, na historia ikaanza. Nyuma ya pazia Shamimu alishika sinia na kuomba dua zote alizozijua.

"Siku moja," baba akanguruma, "babu akaitwa Nyamiaga kwenu huko. Mzee mmoja mkubwa jino linamtesa. Babu akampulizia tarumbeta kumliwaza, akaling'oa kwa koleo, na yule mzee hakutoa hata kilio!"

"Alilia," akasema Bibi Adventina.

Vijiko vikatulia kwenye vikombe.

"Alikuwa babu yangu mimi. Alilia hadi Burundi wakasikia. Tarumbeta la kuliwaza, wapi! Alilipuliziwa sikioni ghafla, akashtuka mdomo wazi, koleo likaingia. Likatoka jino zima. Bovu likabaki, akafa nalo. Akatuachia neno: hatuozeshani na nyumba ile mpaka mmoja wao naye afumbue mdomo mbele yetu, tuchungulie." Akamgeukia mwenye nyumba. "Haya, baba. Fumbua."

"Nifumbue mdomo mbele ya wakwe?" Mzee Hatibu alisimama. "Mama, shikamoo nimekupa, kiti nimekupa, mdomo sikupi! Posa imekwisha. Mwanamvua, wafungie wageni pilau yao waondoke nayo!"

"Bibi, nakuomba," Taufiki alisema.

Nyuma ya pazia Shamimu aliyasikia yote. Halafu hasira zikampanda. Yaani akose mume kwa sababu ya meno ya watu waliooza zamani wenyewe? Akaingia bila kuitwa, akaliweka sinia chini, akalichukua tarumbeta, akavuta pumzi na kulipuliza sikioni mwa baba yake. Lilitoa mlio wa ng'ombe anayezaa.

"Aaaah!" Mzee Hatibu alishtuka mdomo wazi.

Bibi Adventina alikwisha fika na tochi ya simu. "Mana yanje!" akamwita Mungu wake kwa Kihangaza. Sauti yake ikalegea. "Kushoto, la mwisho. Masikini, baba yangu, unalalaje na kitu hiki?"

Mzee alitaka kufoka. Badala yake machozi yakamtoka mbele ya wakwe wote. "Silali," akasema. "Sijalala tangu mwezi wa Rajabu."

Wageni wakalala hapo hapo, na kesho yake asubuhi Bibi Adventina ndiye aliyemshika mzee mkono hospitali. "La mwisho kushoto," alimwagiza daktari, "nimeliona kwa macho yangu, usije ukakosea." Jioni wakaketi tena sebuleni. Lakini historia lazima isimuliwe, na mwenyewe ana pamba mdomoni. Basi akaisimulia Bibi Adventina, kwa namna ya Nyamiaga, koleo, kilio na yote. Kila Mzee Hatibu alipoinua kidole kupinga, Shamimu aligusa tarumbeta, na kidole kikashuka.

Ulipofika wakati wa kujibu posa, mzee alitikisa kichwa kukubali. Shangazi Mwanamvua akapiga kigelegele, Shamimu akalia waziwazi wala hakujali nani anamwona. Kidole cha mzee kikainuka tena. Safari hii akaitoa na pamba.

"Mama," akauliza polepole, "kweli alilia hadi Burundi?"

"Hadi Burundi, mkwe wangu."

Mzee Hatibu akapapasa shavu lake. "Mimi nimelia hadi Ngara," akasema, akairudisha pamba yake.