Kumshusha Koki

Magoti ya Wavinya yalimsaliti walipofika ghorofa ya tatu, mama yake, Koki, akiwa mgongoni. Alikuwa ameshuka mbio, kana kwamba mzigo hupungua ukikimbizwa. Sasa wote wawili walikuwa sakafuni, kiwiko cha Koki kimechubuka na kilemba kimemziba macho.

"Usinibebe tena," Koki akasema. "Mimi si gunia la makaa."

Akajikokota kwa makalio hadi nyumbani kwao ghorofa ya nne, akikataa mkono wa kila mtu. Vijana wa ploti, majirani zao, walijitolea kumshusha akiwa kitini siku ya harusi. Akawafukuza. "Mtu hubebwa na wanaume wanne mara moja tu, na siku yangu bado!"

Harusi yenyewe ilikuwa ya Kavinya, rafiki wa Koki wa ujanani, aliyepata mchumba akiwa na wajukuu. Msimamizi wake angekuwa nani kama si Koki? Lakini nyonga ya Koki ilikuwa imegoma, na jengo lao la Kayole halikujua lifti. Wavinya alimsikia mama akiimba nyimbo za harusi peke yake jikoni, na moyo ukamuuma.

Basi akaenda kwa Mulongo, mwenye jimu ya mabati yenye vyuma vya mikebe iliyojazwa saruji. Alijitwika mfuko wa mchanga, akachuchumaa na kuinuka, chap chap, kama anavyouza mitumba yake kituoni. Wanaume wakapiga makofi. Mulongo hakupiga.

"Dada, unaanguka halafu unadunda. Mwendo ndio unaobeba mchanga, mapaja yako yamepumzika tu. Shuka polepole. Hapo msuli hauna pa kujificha."

Wavinya akashuka polepole. Lo! Mfuko uleule ukawa mwingine kabisa. Mapaja yakawaka, jasho likamtiririka puani, na alipofika katikati akatamani kujiachilia, yaishe. Hapo ndipo alipojitambua. Maisha yake yote alikuwa akikimbia ili mambo yaishe: chai ya mama aliiacha mezani ikiwa bado inafuka, hadithi zake akazikata kwa "ndiyo, ndiyo." Alijionea aibu, kisha akacheka, maana miguu ilikuwa ikimtetemeka vibaya. Akarudi kesho yake, na wiki nyingi baadaye.

Asubuhi ya harusi, alipiga goti mbele ya kiti cha mama, akampa mgongo.

"Mwaitu, mama yangu, panda."

"Nilisemaje?"

"Ulisema. Nami nakuomba."

Koki akakusanya pindo za gauni lake la zambarau lenye kumeta. Akapanda, huku akinung'unika kwa Kikamba maneno ambayo mhubiri hangeyapenda.

Ngazi ya kwanza. Wavinya aliteremsha uzito wote kwa paja moja, bila kuuangusha, mpaka kisigino kikatua. Kisha nyingine. Walipokaribia ile ghorofa ya tatu vidole vya mama vilimkaba shingo hadi akakohoa. Woga ulimshika Wavinya naye, na miguu ikamsihi akimbie. Hakukimbia.

"Mbona unatambaa hivyo?" Koki akanong'ona.

"Ndivyo tunavyoshuka leo."

Wakaipita ile ya tatu, na chini yake mlango ukafunguliwa. Everline, jirani wa ghorofa ya pili, alitokea na mwiko mkononi. "Haiya! Mama Wavinya! Umependeza wewe!"

"Bibi harusi mwenyewe ataona wivu!" Koki akajibu, na Wavinya akahisi shingo yake imekuwa nyepesi ghafla. Mama alikuwa ameachia mikono yote miwili, mmoja ukirekebisha kilemba, mwingine ukipunga.

"Mwaitu! Nishike!"

"Nikushike kwa nini, na wewe umenishika?"

Chini lango lilikuwa wazi, na wanawake wa kanisa walikwishaanza kuimba. Wavinya akaitafuta ngazi iliyofuata kwa kidole cha mguu, taratibu, huku mama akimwambia Everline kisa kirefu cha gauni lile, na binti akikisikiliza chote.