Mkono Uliobaki Nyumbani

Mtoto alikuwa amelalia mkono wa kushoto wa mama yake, tone la maziwa likiwa bado mdomoni. Meno yalikuwa yamemsumbua usiku kucha na ndiyo kwanza amepata usingizi. Kuuchomoa mkono ni kumwamsha. Kumbembeleza tena ni kufungiwa geti, na kwenye kiwanda cha mashati anayefungiwa geti leo, kesho cherehani yake ina mwenyewe. Basi mama akauvua mkono begani, akauacha pale pale chini ya kichwa cha mwanawe, akajitupia mtandio na kutoka.

Mama mkwe alikuwa anapuliza moto jikoni.

"Umeacha wa kushoto?"

"Wa kushoto, mama."

"Afadhali. Yule wa nyumba ya pili aliacha wa kulia. Karudi mbio njia nzima, maskini."

Kiwandani yeye alishona kola tu. Aliyekaa nyuma yake alizipachika kola hizo kwenye mashati, hivyo mmoja akizembea mstari mzima unasimama. Siku hiyo alibana kitambaa kwa kidevu na kukisukuma kwa mkono uliobaki.

"We mwana, endesha!" akafoka wa nyuma. "Au na kichwa umekiacha mtoni?"

"Mto wa maji au mto wa kulalia?" akadakia mwingine, wakacheka.

Msimamizi alipita, akalitazama bega tupu, akazitazama kola. "Ziko sawa," akasema, akaenda zake.

Chumba cha kulelea watoto kilikuwepo. Wanawake waligoma kukidai mpaka wakakipata. Kisha waliogoma wakaondolewa mmoja mmoja, kimyakimya, na chumba kikajazwa marobota ya uzi. Ufunguo anao msimamizi. Ukutani, nyuma ya marobota, wamo bado bata wa manjano waliochorwa na mume wa mmoja wa waliofukuzwa.

Habari za nyumbani zilimfikia mama kupitia bega. Mtoto akitekenywa, bega lilitekenyeka. Akiugua, bega lilichemka. Mchana mmoja alihisi uzito ukining'inia kwenye kidole kisichokuwepo; ukavuta, ukalegea, ukaachia. Machozi yakadondokea kola.

"Una nini?" akauliza wa nyuma.

"Katembea."

"Hongera, shoga yangu. Haya, lete kola."

Jioni alikuwa akiuvaa mkono wake, nao ulirudi una joto, unanukia utosi wa mtoto. Kutwa nzima aliingoja harufu hiyo. Lakini mtoto alizoea, ikawa akiona mkono unapanda begani analia mpaka anakauka sauti. Mama akauacha alale nao. Usiku mmoja ukawa kila usiku.

Kufikia hapo wenye watoto wachanga karibu wote walikuwa wanakuja na mkono mmoja. Msimamizi akaamuru cherehani zisogezwe zikaribiane, ikapatikana nafasi ya safu nyingine.

"Viwiko vimepungua," akaeleza. Na kweli vilikuwa vimepungua.

Siku mtoto aliposema neno lake la kwanza, mama mkwe alimpokea mama mlangoni mwa jikoni.

"Kasema 'mama'."

"Kamwambia nani?"

Bibi akageukia sufuria, akakoroga kisichohitaji kukorogwa. "Kauambia mkono, mwanangu."

"Na mimi ananiitaje?"

"Wewe bado hajakupa jina. Mvumilie, ni mtoto."

Akaingia chumbani. Mtoto alikuwa anasinzia, mkono unampigapiga mgongoni taratibu, kama yeye alivyokuwa akifanya. Mtoto alifumbua macho, akamtazama usoni kwa adabu, akayafumba. Mama akakaa ukingoni mwa kitanda na viatu vyake miguuni. Mkono ukasogea kidogo kumpisha, kama wenyeji wanavyompisha mgeni.

Kulipokucha akaondoka kwa kunyata, asiwaamshe.