Mfuko wa Njegere

Njegere za msimu huu zimekuwa tamu kupita kiasi. Naanza kwa kusema hivyo nisije nikaonekana mtu wa kulalamikia kila kitu. Ukizimenya zingali mbichi, ukazikaanga kidogo na kitunguu, huhitaji kingine. Shamba letu ni la ushirika. Tuko watu arobaini na ushei, kila mmoja na hisa yake na zamu yake ya kupalilia, na kila Jumamosi asubuhi tunakusanyika kwenye ukumbi ulio nyuma ya karakana ya seremala kuchukua vikapu. Unapata kile ardhi ilichotoa wiki hiyo. Ikitoa kabichi, mtakula kabichi mpaka mchukiane.

Mimi ni fundi, nashona sare za shule. Nyumbani naitwa Cherehani, na wala si kwa sababu ya kazi, maana jina lilitangulia. Mama ndiye aliyenipa nikiwa mdogo. Alisema nikianza kusema sina breki.

Hisa ile niliichukua kwa ajili yake. Alilima maisha yake yote, na mboga ya sokoni aliitazama kama mtu anavyomtazama mkwe asiyemtaka. Alikuwa akikaa kwangu wakati ule. Wiki tatu za mwanzo alikula mchicha wa shambani, akanitajia makosa ya palizi yetu kwa kuangalia majani tu, akauliza njegere zitaanza lini. Nikamwambia bado, ndiyo kwanza zimepandwa.

Kisha nikafanya kosa. Nilikuwa na sare za shule nzima za kumaliza, nikamwacha peke yake kutwa, akateleza bafuni. Alikaa sakafuni muda wa saa mbili kabla sijarudi. Dada yangu, mkubwa wangu kwa miaka sita, alimchukua kutoka hospitali moja kwa moja hadi kwake bila kuniuliza. Nami, badala ya kushika adabu, nilimfuata huko huko, nikasimama kando ya kitanda cha mama nikamwaga yote niliyokuwa nayo dhidi ya dada tangu utotoni. Nilipiga kelele. Presha ya mama ikapanda, jioni ile wakamrudisha hospitali. Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile ulivunja.

Mama alipotoka hospitali, dada alisimama mlangoni mwake akanisubiri.

"Siku nikisikia sauti yako humu ndani tena," alisema, "hutamwona mama mpaka tumzike."

Mjomba, mdogo wake mama, alinipigia simu kunituliza. "Dada yako anaogopa, na ana haki ya kuogopa," alisema. "Wewe peleka chakula, nyamaza, hasira zitapoa. Mvumilivu hula mbivu, mwanangu."

Basi nikanyamaza. Miezi minne, na kwa mtu anayeitwa Cherehani hiyo ni kazi kubwa kuliko kushona.

Kila Jumamosi saa nne kamili nilikuwa mlangoni kwa dada. Nilichagua kilicho bora kikapuni, sisi kwetu tukabaki na kabichi. Njegere zilipoanza nilifurahi kama mtoto. Nilizimenya mwenyewe asubuhi hiyo hiyo nikitoka ukumbini, kwa sababu vidole vya mama vimekakamaa na nilijua atataka kumenya na atashindwa na ataumia moyo. Nikazitia kwenye mfuko mdogo nilioushona kwa mabaki ya vitambaa vya sare, vile vya buluu, wenye kamba ya kukaza mdomoni. Karoti nazo nilizitia kwenye mfuko wa namna hiyo hiyo. Kila wiki nilishona mipya. Sikuuliza ile ya zamani inakwenda wapi.

Dada alikuwa akifungua mlango kiasi cha kiganja.

"Mama amelala," alikuwa akisema. Daima alikuwa amelala.

"Njegere za wiki iliyopita alizipenda?" nilikuwa nikiuliza kwa sauti ya chini.

"Alizila zote."

Ilitosha. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyepandishwa cheo. Wakati mwingine, kabla mlango haujafungwa, nilisikia redio ya mama, au nilimsikia akikohoa usingizini, nikahesabu kwamba tumeonana.

Sasa, pale ukumbini pana meza ya kubadilishana. Ni utaratibu wetu: ambacho kwako hakiliwi unakiweka mezani, unachukua cha mwenzako. Mtu anaacha bilinganya, anaondoka na kitunguu. Mimi huwa sipiti pale, sina cha kuacha. Jumamosi ya wiki mbili zilizopita nilipita kwa sababu foleni ya vikapu ilizunguka huko. Nikaona mifuko yangu mitatu ya buluu imepangwa pembeni, imejaa karoti.

Nilishika mmoja nikaangalia mshono. Mtu hawezi kusahau mshono wake. Nyuma ya meza alisimama msusi mmoja, mwanachama mwenzetu, mwanamke mcheshi ambaye nilimjua kwa sura tu.

"Chukua, shoga, nzuri hizo," akaniambia.

"Umezitoa wapi?"

"Kwa jirani yangu. Kila Jumamosi ananigongea. Anasema kuna mtu anamletea na pale kwake hakuna mlaji." Akacheka. "Karoti zimetujaa mpaka basi. Ila njegere hutaziona hapa. Wanangu wanazimaliza siku hiyo hiyo. Yule anayezimenya, Mungu ambariki mikono."

"Amina," nikasema. Sijui kwa nini nilisema amina.

"Na mama yake?" nikauliza. "Si ana mama mgonjwa pale?"

"Yupo. Jirani anasema bibi hapendi mboga."

Mama yangu. Hapendi mboga.

Sikwenda kwa dada siku ile. Nilirudi nyumbani na kikapu kizima, nikakaanga njegere zote adhuhuri ile, nikala nimesimama jikoni kwa mwiko. Zilikuwa tamu. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba hata kwa hasira ile ulimi wangu ulizifurahia. Mume wangu aliingia akaona sahani imejaa njegere, akasema, "Leo na sisi tumekumbukwa." Nilipomweleza aliacha kutania.

"Nenda kamwambie kwamba umejua," alisema.

"Nikimwambia atafunga mlango."

"Si umefungwa tayari?"

"Unafunguka kiganja kimoja," nikasema. Mimi mwenyewe niliona jinsi neno lile lilivyo dogo. Lakini ndiyo mali niliyokuwa nayo. Dada angeweza kuwalisha majirani, angeweza kuwalisha mbuzi. Bila kikapu nisingekuwa na sababu ya kugonga, na nisipogonga sisikii hata kile kikohozi. Mjomba alisema mvumilivu hula mbivu. Mbivu nilikuwa nazo mimi, na wala hazikuwa zikiliwa na mvumilivu wala na mama yake.

Juzi Jumamosi bwana shamba alitutangazia kwamba njegere ndizo za mwisho, mashina yatang'olewa Jumatatu. Nilipata kiasi kidogo, nikazimenyea pale pale ukumbini, zikajaza mfuko mmoja. Njiani nilibadili mawazo mara tatu. Niliapa nitampelekea kabichi tupu. Kisha niliapa nitamtupia mfuko usoni. Kisha nikakaa kwenye kibaraza cha duka nikalia kidogo, na mwenye duka akaniletea maji akidhani ni jua. Kwa hiyo nilichelewa. Nilifika kwa dada saa sita badala ya saa nne.

Aligutuka kuniona. Wiki iliyotangulia sikuwa nimekwenda, nadhani alishaamua nimechoka. Alifungua mlango kiasi kile kile cha kiganja.

"Mama amelala," alisema haraka mno.

Niliupitisha mfuko wa buluu kwenye upenyo, naye akaupokea kwa mazoea, kama unavyopokea chenji.

"Nani huyo?"

Ilikuwa sauti ya mama. Haikutoka chumbani, ilitoka karibu, labda sebuleni, labda kwenye kiti. Ilikuwa na mikwaruzo lakini ilikuwa yake, na kwa miezi minne nilikuwa sijaisikia ikitamka neno. Ndipo nikaelewa kwamba saa nne ni baada ya dawa zake, na kwamba saa sita huwa macho.

Dada hakugeuka. Alinitazama machoni. Sikuona uovu kwenye uso wake, na ningependa niuone. Niliona woga tu.

"Mtu wa mboga, mama," akajibu.

Redio iliendelea kusoma matangazo ya vifo.

"Muulize kama ana njegere," mama akasema. "Mwaka huu sijaonja njegere hata moja."

Dada alitazama mkono wake. Mfuko ulikuwa humo, umejaa, kamba imekazwa kwa fundo ambalo mama mwenyewe alinifundisha. Nilisubiri. Mungu ni shahidi yangu, nilikuwa tayari kumsamehe yote, karoti, wana wa msusi, miezi minne, kama angegeuka tu na kutembea zile hatua.

"Hana, mama," alisema. "Msimu wake umekwisha."

"Ninazo," nikasema. "Mama, ninazo, ni mimi."

Nilisema kwa sauti ya kwangu, ile isiyo na breki. Lakini mlango ulikuwa umeshafungwa, na ndani mtu aliongeza sauti ya redio.