Tofi ya Wifi

Wifi yangu hutafuna tofi mpaka katikati, kisha huitoa. Anaitoa kwa vidole viwili, inavuta uzi wa mate, anaifunga kwenye karatasi yake ileile na kuitupia mkobani. Baada ya saa moja utamwona anaibandua karatasi iliyogandia na kuirudisha kinywani, kana kwamba ndiyo kwanza imetoka dukani. Nimeolewa na mdogo wake miaka arobaini, na miaka yote hiyo akianza mambo yake ya tofi mimi nageuza uso.

Msinione nadeka. Nilikuwa bibi afya miaka thelathini na moja mpaka nilipostaafu. Migahawa niliyoifunga haihesabiki. Nikikanyaga mlangoni tu, wapishi walikuwa wanakimbilia sabuni, na nyuma ya mgongo waliniita Bi Madoa kwa sababu nilikuwa nayaona hata yale yaliyojificha chini ya sahani. Kazi niliiacha ofisini, lakini macho nilirudi nayo nyumbani.

Basi watoto wetu walijichanga kutupa zawadi ya miaka arobaini ya ndoa: siku kumi kwenye meli ya kitalii, bandari tatu, kila bandari na matembezi yake. Nilifurahi mpaka nikacheza. Halafu baba watoto akajikuna kisogo na kusema, "Na dada je? Tangu afiwe na mumewe hajatoka nje ya geti." Nikameza mate. Nikasema sawa, aje. Ningesema nini?

Kitu kimoja tu ndicho kilikuwa kinaninyima raha. Mume wangu ana kisukari. Asubuhi anajidunga insulini, na akishajidunga lazima ale ndani ya muda mfupi, la sivyo sukari inashuka, na ikishuka sana mtu anazimika ukimwangalia. Sasa zile safari za kushuka nchi kavu zinaondoka saa kumi na mbili alfajiri, na ukumbi wa chakula unafunguliwa saa moja. Mtu mzima utakula saa ngapi? Nikanunua daftari, nikachora ratiba: saa ya kuamka, saa ya sindano, saa ya kula, nini kitaliwa na kitatoka wapi. Wifi alipoliona daftari alicheka mpaka meno yake ya bandia yakacheza. "Bi Madoa, hata kula tunasainishwa?"

Ule ukumbi wenyewe, jamani, ni wa kujipakulia. Siku ya kwanza nilisimama pale na sahani tupu kama mgonjwa. Baba mmoja mwenye kaptula aliokota mkate kwa mkono, akaunusa, akaurudisha. Akachukua wa pili, akaunusa, akaurudisha. Mama mmoja alilamba kijiko cha mchuzi kuonja chumvi, kisha akakichovya tena. Mtoto alipiga chafya juu ya matikiti, na mama yake akamwambia pole. Pole aliambiwa yeye, si sisi! Nikachukua ndizi mbili zenye maganda yake na kurudi chumbani.

Wifi hakuwa na shida yoyote. Alikula kama aliyetoka kufungwa, na alipomaliza akatandika tishu mapajani na kuanza kuhamisha: mayai ya kuchemsha manne, soseji, mkate uliopakwa siagi, vipande vya jibini. Vyote vikaingia mkobani, mkoba uleule wenye kitana, dawa ya kuchua magoti, noti zilizokunjamana na tofi zake za kiporo.

"Wifi, unaweka chakula na kitana chenye nywele?"

"Yai lina ganda, wifi. Mungu amelifunga mwenyewe."

"Na soseji nayo ina ganda?"

"Soseji haina neno," akasema, na kuufunga mkoba.

Bandari ya kwanza ilipita salama. Usiku nilijaza kadi ya kuagiza chakula chumbani, ile ya kuning'iniza mlangoni, na alfajiri mhudumu akaleta uji, yai na mkate vikiwa vimefunikwa. Nilikagua, nikafuta vijiko kwa spiriti yangu, mzee akala. Nikaweka alama ya vema kwenye daftari.

Bandari ya pili basi lilichelewa kurudi, na mume wangu akaanza kuhisi njaa. Kabla sijafungua mdomo, wifi alishamenya yai kwa kucha zake ndefu na kumtia mdogo wake mkononi. Lile yai lilikuwa na unywele. Niliuona kwa macho yangu. Mzee aliutoa kwa vidole, akala, na kiini kikamdondokea kwenye suruali. Tuligombana njia nzima. Nilimwambia wifi kwamba atatuulia mtu kwa uchafu wake. Akanijibu, "Njaa ndiyo inaua, wifi. Uchafu unakuchelewesha tu." Nilipofika chumbani nilimvua mzee ile suruali na kuipeleka kufuliwa papo hapo, maana ilikuwa inanuka yai, na mimi sikuweza kulala nayo chumba kimoja.

Bandari ya tatu niliamua hakuna kubahatisha. Mbali na kadi ya mlangoni, nilishuka mwenyewe kwa mpishi jioni, nikasimama kichwani kwake anachemsha mayai, nikamwona ananawa, nikapanga mayai na mikate kwenye kontena langu la plastiki nililotoka nalo nyumbani. Hiyo ilikuwa akiba.

Alfajiri, saa kumi na moja na nusu, mume wangu akajidunga. Mlango ukagongwa. Mhudumu akaingia na sinia, na kidole gumba chake, jamani, kimezama kwenye uji mpaka kwenye kucha. Akakitoa, akakifuta kwenye suruali.

"Rudisha," nikasema.

"Mama watoto, mimi nitakula tu," mume wangu akasema. Alikuwa ameshashika kijiko.

"Hutakula kidole cha mtu. Rudisha, ulete mwingine."

Mhudumu akaondoka. Mwingine haukuja. Kipaza sauti kikaita kundi letu. Nikasema hakuna tabu, kontena ninalo, utakula kwenye basi.

Chini, kwenye geti la bandari, alikuwa amesimama afisa afya wa pale. Binti wa watu, glovu mikononi, kofia ya nywele, beji kifuani, pembeni yake pipa. Moyo wangu ulimwendea. Nikajiona mimi miaka thelathini nyuma. Akatuambia kwa upole kwamba chakula chochote cha melini, na chochote chenye mayai, nyama, maziwa au matunda, hakiruhusiwi kupita getini. "Mnaweza kula hapa, au mtupe."

Mume wangu akanyoosha mkono. "Nipe yai moja basi, nile harakaharaka."

Nikaliangalia lile pipa. Maganda ya ndizi, maziwa mgando yaliyomwagika, mikate iliyong'atwa na midomo ya watu nisiowajua, majimaji yanachuruzika chini, na nzi. Nzi wa kijani! Mmoja alitua kwenye kontena langu.

"Ule hapa? Pembeni ya taka? Mume wangu si paka," nikasema. "Karatasi ya safari imeandika chai saa kumi na mbili na nusu kwenye hoteli ya mlimani. Utakaa mezani, utakula kama watu." Nikalimwaga kontena lote pipani kwa mkono wangu, na yule binti akaniambia asante, mama. Nilivimba kichwa.

Nyuma yangu wifi alikuwa anapita. Amejikausha, mkoba kwapani, anatafuna tofi, macho juu kama anayetafuta ndege. Binti alikuwa ameshampungia mkono apite. Na mimi, mdomo wangu huu, nikasema, "Binti, na mkoba wa huyo mama je?"

Ukafunguliwa. Mayai sita, soseji, mkate, jibini lililotoka jasho, maboksi mawili ya juisi, na zile tofi kwenye karatasi zake, ambazo binti alizishika kwa ncha za vidole na kuuliza kama zina maziwa. Zina maziwa. Vyote pipani. Wifi aliniangalia tu, shavu moja limetuna tofi.

"Sheria ni msumeno, wifi," nikamwambia.

Tukapanda basi, watu kumi na wanne na mwongozaji mmoja mwenye kibendera. Hata robo saa haikupita, kwenye kona ya mlima, tukasimama. Mbele kulikuwa na lori limelala ubavu, mzigo wake wa saruji umetapakaa barabara nzima. Nyuma magari yameshajipanga. Kwenda mbele hatuwezi, kurudi hatuwezi. Saa kumi na mbili na nusu ikapita. Saa moja kasorobo ikapita. Mimi naangalia saa, naangalia mume wangu, naangalia saa.

Saa moja akaniambia nifunge dirisha, na dirisha lilikuwa limefungwa. Kisha akaniita kwa jina la binti yetu. Nikamgusa shingo: jasho la baridi, shati limelowa, mikono inatetemeka. Nikapekua mfuko wa suruali yake kutafuta vidonge vya glukosi anavyotembea navyo kila siku. Havimo. Viko kwenye suruali ya jana, ile niliyoipeleka kufuliwa kwa sababu ya harufu ya yai.

Nikamwaga mkoba wangu mapajani. Spiriti, sabuni, glovu, tishu pakiti tatu, kipimajoto. Hakuna hata punje ya sukari.

"Jamani, mwenye kitu kitamu! Mume wangu anakufa!"

Watu wakahangaika kweli. Mmoja akatoa maji. Mwingine akatoa bazoka isiyo na sukari. Mwingine akanipa soda kwa mikono miwili, nikaigeuza nikasoma: haina sukari. Chakula chao wote kilibaki getini, kwenye pipa. Mwongozaji akatupa kibendera, akafungua mlango na kuteremka mbio kwenda kwenye kibanda tulichokuwa tumekipita huko chini. Mume wangu akaniangukia kifuani, macho nusu wazi, na nilipomwita hakuitika.

Bega langu likaguswa. Wifi, kiti cha nyuma. Alikuwa ameingiza vidole viwili kinywani, na akaitoa ile tofi aliyoibana shavuni tangu getini, iliyobaki moja duniani, ule uzi wa mate ukanyooka, ukakatika.

"Shika," akasema.

Sitawadanganya kwamba kinyaa kilinitoka. Kilinijaa mpaka puani. Tofi ilikuwa ya moto, laini, imelowa, ina alama za meno ya bandia. Lakini mkono ulishaipokea. Huwezi kumtia mtu aliyezimika tofi nzima, atapaliwa, hilo nilijua. Nikaimega, nikamfungua shavu, nikamsugua ufizi kwa kidole changu, kidole ambacho hakijanawa, kilichotoka kushika chuma cha kiti walichoshika watu wote. Nikamega tena. Nikasugua tena. Mate ya wifi, jasho langu, mate yake yeye. Nilikuwa nalia na kusugua.

Wifi alikuwa amemshika kichwa kutokea nyuma. "Msugue huko ndani ya shavu," akaninong'oneza. "Huyu nilimtafunia mimi kabla hajaota meno. Mama alilazwa miezi mitano, nani mwingine angemtafunia? Kila tonge lilipita kwangu kwanza. Hakufa."

Sijui ni dakika ngapi. Ulimi wake ukagusa kidole changu. Ukagusa tena, ukaanza kulamba. Mwongozaji akaingia anahema, soda mkononi, ya sukari safari hii, tukamnywesha mzee kidogokidogo, nusu ikamwagika kifuani. Rangi ikaanza kumrudi. Akatuangalia kwa zamu, mimi, dada yake, kibendera sakafuni.

"Mbona mnalia?" Akajilamba midomo. "Dada, kumbe una tofi. Mayai hukubeba leo?"

Nilimsikia wifi anavuta pumzi nyuma ya kisogo changu.

"Nilisahau," akasema.

"Wewe? Usahau chakula?" Mume wangu akajaribu kucheka. "Basi dunia imefika mwisho."

Nimefunga migahawa ya watu miaka thelathini na moja, nikaandika ripoti, nikataja uchafu wa kila aina kwa jina lake. Sijawahi kuona uchafu kama ule niliokuwa nao moyoni dakika ile. Ningeweza kunyamaza, na wifi asingesema mpaka kaburini. Nilimjua.

"Hakusahau," nikasema. "Alibeba mayai sita na juisi. Nilimchongea mimi pale getini, vikatupwa. Na uji niliurudisha mimi, na kontena nililimwaga mimi."

Mume wangu aliniangalia, akajifuta soda kifuani kwa kiganja. Nilikuwa bado nimeshika kile kipande cha tofi kilichobaki, kimenigandia vidoleni. Wifi akapitisha kiganja juu ya bega langu, akakiweka wazi mbele ya uso wangu.

"Basi nirudishie tofi yangu."

Nikampa. Akaitazama, akaipuliza, akaitia kinywani na kuanza kutafuna. Nami sikugeuza uso.