Mrudishe Koplo

Mume wangu alipokufa kweli, walikuja watu wa kijijini kwao, wanajeshi wachache na kwaya ya akina mama wa Kilutheri. Alipokufa kwenye kitabu cha mdogo wake, nchi nzima ililia. Madereva wa malori walituma rambirambi kutoka Tunduma mpaka Morogoro, na walizituma kwa Edmund, mwandishi, si kwangu. Halafu wakachoka kulia, wakadai afufuliwe, na Edmund akamfufua. Nasema hivi mapema ili anayetaka kucheka acheke hapa hapa. Huko mbele sitamruhusu.

Naitwa Esnath. Nauza mchele Chimala, kando ya barabara kuu. Mume wangu alikuwa Clement, Mhehe wa Tanangozi, nje kidogo ya Iringa, koplo wa jeshi. Alikwenda kulinda amani kwenye nchi ya watu, akarudishwa ndani ya sanduku. Ilibidi mtu wa familia aende Dar es Salaam kumtambua, na tukaenda mimi na Edmund. Tulipofika mlangoni Edmund akasema, "Shemeji, mimi siwezi," akakaa kwenye benchi. Niliingia peke yangu. Nilipotoka nilimwambia ni yeye, amelala tu, na mama mkwe wangu nikampa maneno hayo hayo. Jeneza lilikuja limefungwa, tukaambiwa lisifunguliwe, likazikwa hivyo.

Mwaka uliofuata Edmund, ambaye ana chumba cha kurekodia matangazo pale Iringa mjini, akaanza kutoa kitabu cha kusikiliza kwenye simu, sehemu kwa sehemu. Alikiita Kombania ya Jongoo. Ni miaka mia tatu ijayo. Wanajeshi wa Kitanzania wanapelekwa kwenye sayari ya mbali kulinda amani kati ya makabila mawili ya jongoo wakubwa kama mabasi, ambao hawana ugomvi wowote mpaka wanajeshi wanapofika kuwapatanisha. Chombo cha kuwaletea chakula kinawaletea buti za mvua, maelfu kwa maelfu, zote za mguu wa kushoto. Na katikati ya vurugu hiyo yuko Koplo, hana jina lingine. Anabeba kiroba cha sembe hadi angani kwa kuwa haamini chakula cha vidonge, na anaogopa jongoo kuliko kifo.

Clement aliogopa jongoo. Mtu mzima, amefundishwa bunduki, alikuwa ananiita nikamtolee jongoo bafuni huku yeye amesimama juu ya ndoo.

Mara ya kwanza nilikisikia kwenye mashine ya kukobolea mpunga ya Lusekelo, nilikokwenda na magunia yangu. Lusekelo alikuwa amekiweka kwenye spika kubwa ili kishindane na kelele za mashine. Nikasikia sauti ya Edmund ikiigiza ya kaka yake: ule mkwaruzo, ile "sawa mkuu" ya puani. Koplo alikuwa anaagana na mkewe kwenye kituo cha roketi, na roketi ilipoanza kunguruma mke akapiga kelele: "Usiporudi nauza baiskeli!" Vibarua walianguka juu ya magunia kwa kicheko. Lusekelo akafuta machozi akaniambia, "Ee Kyala, Mungu wangu, dada Esnath, huyo mwanamke kiboko! Mbavu sina!"

Huyo mwanamke ni mimi. Niliyasema maneno hayo stendi ya Iringa siku anaondoka, kwa sababu machozi yalikuwa yananijia na sikutaka ayaone. Edmund alikuwa amesimama pale pale, ameshika begi. Baiskeli sijaiuza mpaka leo. Lakini maneno yenyewe yameandikwa nyuma ya bajaji, yamechapwa kwenye fulana, na siku moja Mwanjelwa, kule Mbeya, nilimsikia muuza viazi akimtupia maneno hayo mteja aliyesema anakuja sasa hivi. Soko zima likacheka, na mimi nikacheka nao ili nisionekane.

Nikawa nasoma maoni ya wasikilizaji. Sijui nilikuwa natafuta nini. Ni ile tabia ya kubandua kidonda kabla hakijapona. "Mbavu sina." "Nimekufa mimi." "Edmund utatuua mwaka huu." "Nimezikwa kabisa, nitumieni sehemu inayofuata kaburini." Nilishangaa jinsi watu wanavyokufa kirahisi.

Nilimpigia Edmund nikamtukana. Nilimwita mchimba makaburi. Alinisikiliza mpaka nilipoishiwa, halafu akasema kwa upole, "Shemeji, ndivyo ninavyomlilia. Mimi sijui kulia kwa namna nyingine."

Nilimwamini. Na niseme ukweli, kuna sehemu moja Koplo anawafundisha jongoo kusonga ugali, anawakemea kwa kushika mwiko vibaya, na jongoo ana mikono mia hajui atumie upi. Nilicheka peke yangu dukani mpaka nikakaa chini, kwa sababu huyo alikuwa Clement mtupu, Clement jikoni kwangu Jumapili. Kwa dakika ile nilikuwa na mume. Kwa hiyo sikumwomba Edmund aache. Nilimwomba kitu kimoja tu: Koplo akifa, afe. Asife kwa mzaha.

Edmund aliahidi, na mwisho wa kitabu cha tatu akatimiza. Koplo alikufa shimoni, akiwa amemfunika askari mwenzake. Hakukuwa na buti wala jongoo wa kuchekesha. Sanduku lilirudishwa duniani limefungwa, na mke wake, yule wa baiskeli, alisimama kituoni bila kusema neno. Siku hiyo Lusekelo alizima mashine. Vibarua walikaa kimya, wengine wamevua kofia. Mtu mmoja aliyejiita Saulo wa Rujewa aliandika kwenye maoni kwamba ameacha jembe kwenye majaruba akaenda kukaa chini ya mti, kwa sababu naye aliwahi kupokea sanduku la namna ile. Nililia siku ile nilivyoshindwa kulia msibani. Niliona kwamba hatimaye watu wamekuja kunipa pole, hata kama hawajui nyumba yenyewe iko wapi.

Pole hiyo haikumaliza wiki.

"Tulikuja kucheka, hatukuja msibani," aliandika mmoja. "Mwandishi ana roho mbaya." "Nilikuwa nasikiliza na watoto, umetuharibia Jumamosi." Wakaanza kumpa nyota moja moja. Halafu mtu akaandika "Mrudishe Koplo," wa pili akarudia, na ndani ya siku chache hapakuwa na maneno mengine pale: mrudishe Koplo, mrudishe Koplo, mrudishe au tunahama. Wale wale waliovua kofia kwenye mashine ya Lusekelo walikuwa wanaandika hivyo. Lusekelo mwenyewe aliniomba, kwa kuwa anajua mwandishi ni shemeji yangu: "Dada, muombee Koplo wetu bwana. Kazi haziendi."

Koplo wetu. Nilimpimia mchele wake.

Edmund akanipigia. "Shemeji, wananikimbia."

"Waache wakimbie."

"Wanampenda, shemeji. Ni mapenzi hayo, si ubaya. Na hii ni hadithi tu."

"Ulipotaka nikae kimya uliniambia ni kilio. Leo imekuwa hadithi?"

Alisema atafanya kwa heshima. Mimi nilijua tayari ameshaandika, kwa sababu Edmund huwa haombi ruhusa kabla.

Kitabu cha nne kinaanza hivi. Mke wa Koplo anagoma kuzika kabla hajapata buti za jeshi za mume wake, maana ni ngozi nzuri na atazipatia mteja. Analivunja jeneza kwa mchi. Ndani hakuna mtu. Kuna viroba vya unga wa sembe na karatasi ya bohari: "Samahani, tumekosea mzigo." Koplo yuko hai, ameshushwa sayari nyingine kimakosa na anakaanga chipsi. Maoni yalifurika mpaka simu yangu ikawa inakwama. "Mbavu sina," walisema tena. "Unga! Jamani, unga!" Walikuwa na furaha kama watu waliofufukiwa na ndugu, na hakuna aliyekumbuka kwamba wiki chache nyuma walikuwa wamemlilia.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kuumia. Ambacho sikukiwazia ni Tanangozi.

Mama mkwe wangu hana simu kubwa. Jirani yake, Anjela, alikuwa anamwekea kitabu wakipukuchua mahindi. Siku tatu baada ya unga, mama alinipigia kwa simu ya Anjela. Hakusalimia kwa urefu kama kawaida yake. "Esnath, njoo. Na Edmund nimemwita."

Nilipanda basi la asubuhi. Nilipofika nilikuta chumba cha zamani cha Clement kimefagiliwa, blanketi zimeanikwa juani, na majembe mawili na sepeto vimeegemezwa ukutani. Kuku alikuwa ameshachinjwa, chungu kiko jikoni. Edmund alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, rangi imemtoka.

"Kamwene, mwanangu," mama akasema. Uso wake ulikuwa unang'aa. Sijawahi kumwona hivyo tangu msiba.

"Kamwene, mama."

"Nimeshamwambia mwenyekiti wa kijiji. Anasema kaburi haifunguliwi hivi hivi, mpaka kibali. Mimi namwambia kibali ya nini, hakuna mtu mule. Ile jeneza tulikatazwa kufungua. Sasa nimejua kwa nini tulikatazwa."

"Mama," Edmund akasema, "nimekwambia, ile ni hadithi. Nimetunga."

Mama alimgeukia bila hasira, akawa anahesabu kwa vidole vyake vilivyojaa pumba za mahindi. "Kuogopa jongoo, ulitunga? Habari ya baiskeli, ulitunga? Kubeba unga safarini, kushika mwiko, kusema 'sawa mkuu' na pua yake, ulitunga? Hiyo yote ni kweli, naijua, nimezaa mimi. Sasa kwa nini hii moja tu ndiyo iwe uongo?"

Edmund, mtu anayeongea na maelfu ya watu kila wiki, alimkwepa mama yake kwa macho. Kisha akanitazama mimi, yale macho ya mlangoni Dar es Salaam, na nikajua ananiachia tena.

Nilimchukia wakati ule. Niliwachukia na wote walioandika mrudishe Koplo, na Lusekelo na spika yake. Lakini mama alikuwa ameshaliangalia sepeto, na nisingeweza kukaa pale nimngoje achimbe mwenyewe aone.

"Mama, mle ndani ni Clement," nikasema. "Mimi nilimwona."

"Uliniambia amelala. Anayelala huamka."

"Hakuwa amelala. Nilikudanganya." Nilikaa chini mbele yake na kushika magoti yake. "Walinionyesha mkono, mama. Mkono wa kulia, wenye lile kovu la mundu kwenye kidole gumba."

"Kile nilichofunga na kitambaa cha kanga."

"Hicho."

"Na uso?"

"Uso haukuwepo, mama."

Hakulia. Alitazama vidole vyake, akavifuta kwenye kanga kimoja kimoja. Aliyelia ni Edmund. Alikuwa anayasikia hayo kwa mara ya kwanza, na kilio kilimtoka kwa sauti mbaya, ya mtu mzima, isiyo na uigizaji wowote. Nikainuka nimpe mama mkono, nikidhani sasa tutalia wote watatu kama tulivyopaswa kulia siku ile.

Mama aliupita mkono wangu. Alikwenda kwa Edmund, akamvuta kichwa akakilaza tumboni kwake.

"Nyamaza, baba," akamwambia. "Wewe huna kosa. Wewe ulishamrudisha. Huyu ndiye amekuja kumuua."

"Mama," nikasema.

"Ungeniacha hivyo hivyo, Esnath. Ningechimba siku nikipata kibali, na kibali hawangenipa. Ningekaa namngojea mpaka nife. Kulikuwa na ubaya gani?"

Akaingia ndani, akatoka na kigoda chake, akakaa karibu na mwanawe.

"Niwekee ile ya unga," akasema.

Edmund alinitazama kama anayeomba ruhusa. Sikumkubalia wala sikumkatalia. Akatoa simu mfukoni, akaiwasha, na sauti ya mume wangu ikajaa uani, hai kabisa, ikilalamikia bei ya viazi kwenye sayari ya mbali. Mama akafumba macho. Ilipofika kwenye viroba, akacheka, polepole kwanza, halafu kwa kifua chote.

Nilichukua mkoba wangu. Kuku alikuwa anachemka jikoni, na hakuna aliyeniambia nikae nile.