Ubavu wa Kidoti

Daktari wa mifugo alivaa glavu inayofika begani, akachukua kinyesi cha Kidoti na kukijaza kwenye kichupa. Kilikuwa chepesi kama maji ya kuoshea vyombo, kina kamasi, na kinanuka kama chumba kilichofungwa muda mrefu.

"Minyoo hiyo," alisema meneja wa ushirika wa maziwa, aliyesimama mbali kidogo ili kulinda viatu vyake.

"Minyoo tumeshapima, hakuna."

"Basi bakteria. Mbona antibiotiki anapewa kila siku?"

"Ndiyo maana nashuku kuvu. Ukiua bakteria wote wa tumboni, wazuri na wabaya, kuvu inabaki na nyumba nzima peke yake. Halafu na chakula chenyewe mnachompa kina ukungu."

Kidoti alikuwa ng'ombe pekee wa mjane mmoja ambaye ni shangazi yake meneja, kwa hiyo banda zima lilimwita Shangazi. Wanachama wote walifuga katika banda hilo la ushirika, kwani nje ya ushirika hapakuwa na mtu wa kununua maziwa yao. Ng'ombe aliyeondolewa bandani alimwondoa na mwenye ng'ombe ushirikani.

"Mwanangu," alisema Shangazi, "hicho chakula si kinatoka kwa shemeji yako?"

"Shangazi, tusichanganye familia na kazi."

"Nimechanganya mimi?"

Chakula chenyewe kilikuwa sileji, yaani majani yaliyokatwakatwa na kufukiwa shimoni ili yachachuke bila hewa. Shemeji alifukia vizuri, ila kufunika kulimchosha. Hewa iliingia, majani yakaota manyoya ya kijivu, na kila yalipopakuliwa yalifuka vumbi, wafanyakazi wakapiga chafya kwa zamu.

Maabara ilijibu kwamba kinyesi kina kuvu. Daktari hakushangilia. Ng'ombe yeyote aliyekula majani hukutwa na kuvu kinyesini, aliwaeleza, hata aliye mzima. Ili kuthibitisha ugonjwa ni lazima nyuzi za kuvu zionekane zimepenya ndani ya nyama ya utumbo, na kwa hilo maabara hudai kipande cha utumbo.

"Kwa hiyo ukweli tutaujua akishakufa?" aliuliza meneja.

"Mara nyingi, ndiyo."

"Basi tusubiri," alisema meneja, mtu aliyeheshimu sana utaratibu.

"Ungesubiriwa wewe ufe," alisema Shangazi, "tukufungue tuone umebeba nini."

Asubuhi moja mkamuaji alimkuta Kidoti amegeuka kioo ubavu wa kulia, upande unaokaa utumbo. Kioo kilianzia chini ya uti wa mgongo, kikashuka hadi kiweleni. Kilikuwa kimerukiwa na tope, hivyo alikifuta kwa kitambaa cha kufutia chuchu, akakamua, akampelekea meneja taarifa kwamba ndoo ya pili inavuja na kwamba Kidoti anaonekana ndani.

Daktari alikuja na tochi na kioo cha kukuzia. Alipangusa ubavu kwa spiriti, akachuchumaa, akatazama kwa muda. Kuta za utumbo zilikuwa zimevimba na kutoka vidonda vyekundu vyenye kingo za kijivu. Katika vidonda hivyo nyuzi nyeupe zilikuwa zimezama nyamani kama mizizi ya majani katika ukuta mbovu.

"Kuvu," alisema. "Antibiotiki ikome leo. Na sileji hii itupwe yote."

Alipiga simu maabara. Walimsikiliza kwa adabu, wakamuuliza kama ana kipande.

"Sina kipande. Namwona mzima mzima, nipo naye hapa. Niwatumie picha?"

"Picha si nyama, Daktari."

Shangazi alimwita meneja aje kujionea. Meneja aliinama, mikono mgongoni. Wakati huohuo donge la majani ya kijivu lilikuwa likipita taratibu, na ndani yake kipande cha turubai la buluu la kufunikia shimo.

"Angalau sasa tunajua turubai lilikuwepo," alisema. "Watu walimsema sana shemeji."

Ng'ombe waliobaki waligeuka kioo mmoja baada ya mwingine, na ndipo wateja walipoanza kufika. Kwa miaka mingi walinung'unika kwamba maziwa ya ushirika yanatiwa maji. Sasa walisimama kwenye uzio, wakayaona yakikusanyika kiweleni na kushuka hadi ndooni, meupe, bila mtu kuyagusa. Walinunua yote, wakaagiza ya kesho. Hakuna aliyeinua macho shubiri moja juu ya kiwele, ila mwalimu mmoja mstaafu, ambaye alisema pale juu panatia kichefuchefu. Meneja alikubaliana naye. Alishonesha mapazia mafupi ya kufunika utumbo na kuacha kiwele wazi, na wateja wakayasifu kwamba yana heshima.

Shangazi hakungoja pazia lake. Alimfungua Kidoti, akaenda kumfunga nyuma ya jiko lake, akamlisha majani mabichi aliyoyakata mwenyewe. Daktari alipita kila wiki. Kinyesi kilianza kushikamana. Vidonda vilinywea, nyuzi zikakatika, na kadiri utumbo ulivyopona ndivyo kioo kilivyopata ukungu kuanzia pembeni, kama dirisha la bafu. Kisha vinyweleo vikaota, mpaka siku moja Daktari akafika na tochi yake asione chochote isipokuwa ng'ombe wa kahawia.

Daktari si mtu wa kuchekacheka, lakini siku hiyo alikubali chai. Alikuwa amepata kipimo kisichohitaji mzoga.

Shangazi alimrudisha Kidoti bandani, kiwele kimejaa, Daktari akiwafuata na ndoo. Meneja alimpokea mlangoni.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Nipishe, mwanangu, ng'ombe wangu amepona."

"Amepona vipi? Mbona haonekani?"

"Haonekani kwa sababu amepona," alisema Daktari.

Wateja walimzunguka Kidoti. Mwalimu mstaafu alimgonga ubavuni kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Huyu tutajuaje ana nini ndani? Mimi siwezi kunywa kitu cha kubahatisha."

"Umesikia, Shangazi," alisema meneja kwa upole. "Si mimi, ni soko. Lakini wewe ni damu yangu. Mwache hapa, ale na wenzake, apate na dawa. Atafunguka tu."

Shangazi aliwatazama ng'ombe waliopangwa na mapazia yao, wamekonda, wakiharisha kimya kimya. Akavuta kamba. Daktari alimfuata, amebeba ndoo tupu.

Barabarani gari la sileji lilisimama mbele yao. Shemeji alishuka, akavua kofia, akaamkia kwa heshima zote.

"Shikamoo, Shangazi. Mbona mnarudi na Kidoti?"

"Amepona."

Shemeji alimtazama Kidoti kwa huruma, kuanzia pembe hadi mkia.

"Pole sana, Shangazi," alisema, akarudi garini.