Swali la Bitutu kwa Mwenyekiti

Shule ilikuwa katika shamba lililoachwa na Mzungu, upande wa Nyansiongo. Ilikuwa na vyumba vinne vya mabati, na katika kimoja walilala ng'ombe wa maziwa wa gredi wa Manasseh, mwenyekiti wa kamati ya shule. Alisema ni kwa muda tu, mpaka zizi lake liishe. Mwaka wa 1969 ukaingia, zizi halijaisha, na darasa la kwanza bado lilisomea nje, likikimbilia vibarazani mvua ya mawe ikianza.

Mwalimu Kemuma alifundisha Kiingereza darasa la tatu. Shida yake ilikuwa maswali. Watoto waliuliza Kiingereza kama wanavyouliza kwa Ekegusii, lugha yao ya nyumbani, kwa kupandisha sauti mwishoni: "You like tea?" Ile do na ile does hazikuwaingia. Kitabuni mlikuwa na Tom, wakaimba pamoja swali la kama Tom anapenda chai, na hakuna aliyejali Tom anapenda nini.

Siku moja akakifunika kitabu. "Niulizeni jambo msilolijua na mnalotaka kulijua."

Joash akainua mkono. "Do you have a husband?"

Darasa likacheka. "No, I do not," akajibu Kemuma. "Na sentensi yako haina kosa."

Tangu hapo maswali yakawa hayana breki.

Wiki iliyofuata Manasseh alikuja kumtazama ng'ombe aliyezaa, akapitia darasa la tatu. Alikuwa na Kiingereza kidogo na alipenda kijulikane. Akawaambia watoto wamuulize swali lolote.

Aliyesimama ni Bitutu, kasichana kembamba ambaye mdogo wake alikuwa darasa la kwanza. "Why do your cows sleep in our classroom?"

Kemuma alisikia kwanza ile do, imekaa mahali pake barabara, akafurahi. Hofu ilikuja baadaye.

"Nani amemfundisha huyu kuniuliza kwa nini ng'ombe wangu wanalala hapa?" Manasseh aliuliza.

"Nimemfundisha kuuliza. Swali ni lake."

Manasseh akampeleka Kemuma ofisini kwa hedimasta Obwocha, ambaye hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mwoga. "Mpe mtoto viboko vitatu mbele ya wenzake, Mwalimu, yaishe."

"Kwa kosa gani?"

"Utovu wa adabu."

"Aliambiwa aulize, akauliza."

Manasseh akaegemea fimbo yake. "Binti yangu, mimi ni rika la baba yako."

"Ndiyo, baba. Ndiyo maana nilitarajia umjibu mtoto."

"Ofisi ya elimu kule Kisii wananijua."

"Basi waambie. Mimi simpigi."

Aliondoka, lakini hakurudi darasani kwake. Manyunyu yalikuwa yameanza, na darasa la kwanza lilikuwa limejikunyata ukutani. Kemuma akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha ng'ombe, akafungua komeo, akawaswaga mmoja mmoja hadi uwanjani. Kisha akavua viatu, akashika jembe, akaanza kukwangua samadi.

Darasa la tatu lilitoka bila kuitwa. Wengine walichota maji mtoni, wengine walikata majani ya kusugulia. Mama yake Bitutu, Mong'ina, alikuwa akipita na mkebe wa maziwa. Aliyatazama yote, akauweka mkebe chini.

"Mwalimu, nianzie wapi?"

"Kona ile, mama."

Manasseh alipofika, watoto wa darasa la kwanza walikuwa wamekaa ndani juu ya magunia, miguu imelowa, wakimtazama. Alisimama mlangoni, Mong'ina akiwa mbele yake na jembe mkononi. Akawakusanya ng'ombe wake, akaenda nao.

Hawakurudi tena. Lakini muhula ulipofungwa, Kemuma alipewa uhamisho, shule moja mbali, ng'ambo ya Birongo. Hakulia wala hakuomba kubaki.

Obwocha mwenyewe alimbebea sanduku hadi barabarani. "Ungempiga tu viboko vile vitatu," alisema, "leo ungekuwa hapa."

"Ningekuwa hapa na nani, Mwalimu? Na watoto waliofunga midomo?"

Obwocha aliliweka sanduku penye nyasi kavu, akasimama naye kusubiri gari.